Leo mashine ilianza na Bhoke

Jumamosi jioni, Makoko. Upepo wa ziwa umevuma tangu asubuhi, nguo zimekauka mapema. Mimi bado nimeduwaa.

Kazi yangu, kwa usiyenijua, ni kupiga picha za mifupa ya watoto kwa ajili ya utafiti. Mtoto analala kitandani, mkono wa mashine unapita juu yake, kompyuta inasema mifupa yake imeshiba madini kiasi gani ukilinganisha na watoto wa rika lake. Haiumi hata kidogo.

Leo akina mama kutoka Bugwema waligoma watoto wao kupimwa. Nilieleza mpaka koo likakauka. Mwishowe Mama Magesa, aliyemshika mwanawe mkono, akanikatiza: "Hata togwa, mwenyeji anaonjaga kwanza ndo anampa mgeni. Anza na wa kwako."

Bhoke wangu, miaka tisa, alikuwa pale. Ameandikishwa kwenye kundi la watoto wenye afya, wa kulinganishia, na zamu yake ilikuwa mchana. Nikamlaza kwa mbwembwe, huku nawatania wale mama kwamba wanaogopa kitanda.

Namba ikatoka chini. Chini sana.

Nikasema kajitikisa huyu. Nikarudia. Ikatoka ileile.

Bhoke! Mtoto anayekunywa maziwa mpaka namfichia, anayetafuna dagaa na vichwa vyake! Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa ile skrini. Daktari wa mradi akaja, akasema picha moja haitoshi, Jumatatu apimwe damu. Maneno yake yalipita tu masikioni.

"Wa kwako amekutwaje?" Mama Magesa akauliza.

Nakiri, uongo ulishafika mdomoni. Nikaumeza. Nikamwambia mifupa ya binti yangu imeonekana dhaifu, na sijui kwa nini.

Nilidhani wataondoka wote. Mama Magesa akamvua mwanawe viatu, akampandisha kitandani. "Ungesema togwa ni tamu tu, ningeondoka," akasema. "Haya, mpime."

Nikampima. Yuko sawa kabisa. Nilimfurahia, na wivu ukanishika hapohapo.

Sasa Bhoke yuko uani anaruka kamba na watoto wa jirani. Kila akitua, moyo wangu unashtuka. Jana kelele hizo zilikuwa zinanikera tu.

Nimwite ndani, au nimwache aruke?