Shule Bila Askari Mlangoni

Jumatatu, 4 Septemba 1905
Askari wamewakokota watoto hadi darasani tena, kama mbuzi wa mnada. Mimi ndiye mwalimu mkuu. Nimetolewa Tanga kuja Songea kuongoza shule ambayo hakuna mtoto anayeijia kwa hiari. Wazazi wananiita mbwa wa boma. Washenzi. Wananyunyiziwa maji na mganga, wanaamini risasi zitayeyuka.

Jumatano, 6 Septemba
Luteni wa Kijerumani ameniita bomani. Vita vimeanza. Anataka niwaulize watoto, katikati ya hesabu, baba zao wamejificha wapi. Asiyesema afungwe mpaka baba ajitokeze. Alinena huku akikata kucha. Kumbe wajinga hawako msituni tu.
"Ndiyo, bwana," nilijibu. Najidharau.

Alhamisi, 7 Septemba
Nimewatoa watoto asubuhi. Nilidai tunakwenda kukata nyasi za kuezekea shule. Mlinzi akapiga miayo, akatupisha. Hao ndio watawala wetu.
Tulikwenda moja kwa moja kwa Bibi Nyoni. Mumewe ni nduna, mkuu wa vita wa Wangoni, na mwanawe ni mwanafunzi wangu. Aliitazama njia nyuma yangu, akaitazama tena.
"Askari wako umewaficha wapi, mwalimu?"
"Sina askari, mama. Wachukue watoto, uwapeleke kwao. Wakirudi shule watafungwa."
"Na wewe?"
Nilimsogeza mwanawe kwake. Akaleta togwa, akaionja yeye kwanza, akanipa. Hakunishukuru. Afadhali.

Jumamosi, 9 Septemba
Kiboko, uwanjani mbele ya boma. Ukuu nimevuliwa. Wazazi waliswagwa waje kutazama, wapate funzo. Wamelipata, ila si lile alilokusudia Luteni. Mpumbavu. Naandika nimelala kifudifudi.

Jumatatu, 21 Mei 1906
Vita vimekwisha, njaa imebaki. Nduna amenyongwa. Shule imegeuzwa ghala la boma. Mimi nashona kanzu kibarazani, na nashona vibaya.
Leo amekuja Bibi Nyoni na mwanawe. Wamekonda. Hakuna aliyewaleta.
"Mwalimu, mfundishe kusoma."
Nikamwambia mimi si mwalimu mkuu tena.
"Hayo ni ya boma," alisema.
Nikatandika mkeka. Mtoto akakaa. Mama naye akakaa, kando yake. Nikaandika herufi ya kwanza mchangani, nikangoja waitazame.