Mahubiri Sikioni mwa Koko

Jumapili jioni

Leo nimemkumbuka sana pasta wetu wa zamani, yule Mkikuyu. Miaka mingi nilisimama kando yake nikigeuza mahubiri yake ya Kiswahili kuwa Kimaasai. Akiruka, naruka. Siku moja alisema neno moja, mimi nikachukua dakika nzima. Akanigeukia: "Mama, hizo zingine ni zako ama ni zangu?" Kanisa lote likacheka.

Huyu mpya anasema kutafsiri kunakula wakati, na hapa Kitengela kila mtu anajua Kiswahili. Tangu kiangazi kimalize ng'ombe wetu, hiyo ndiyo kazi pekee nilikuwa nimebaki nayo. Mwezi mzima nimekaa tu kwa benchi nikimuuliza Mungu ananitakia nini sasa. Hata leo nusura nisiende.

Nilienda. Koko Nasieku, nyanya wa watu ambaye Kiswahili hakijui kabisa, akakaa karibu yangu. Mahubiri kuanza tu, akanidunga na kiwiko.

"Amesema nini?"

"Koko, nyamaza, tutafukuzwa."

"Sikutembea tangu alfajiri nikuje kuangalia mdomo wa mtu ukicheza. Niambie."

Nikaanza kumnong'onezea. Akina mama wawili wa nyuma wakasonga karibu, wakainamisha vichwa wasikie. Pasta akatuangalia vibaya. Niliogopa, kusema kweli. Lakini alikuwa amefika pale Hajiri amemlaza mtoto wake mwenye kiu jangwani, na Koko amenishika mkono kwa nguvu, anataka kujua kama yule mtoto alipata maji.

Nikamwambia alipata.