Nani Anahitaji Msaada Nyumba Hii?

Alhamisi, jua linakaribia kuzama. Joto la leo Kasese limenimaliza. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mkononi.

Kwa anayepita humu mara ya kwanza: mimi ni Hadija. Nauza vitenge sokoni, nakaa Nyamwamba, na nina ugonjwa unaoitwa MS, kwa kirefu multiple sclerosis. Si malaria, si presha, si jini, ingawa nimetibiwa vyote vitatu kabla daktari mmoja wa Kampala hajalitaja jina lake. Ni kinga ya mwili yenyewe inayogeuka na kuguguna ganda la mishipa ya fahamu, kama mlinzi anayevunja nyumba aliyowekwa kuilinda. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kiko ndani zaidi ya nguo. Asubuhi natembea vizuri tu. Jua likipanda, mguu wa kushoto unakuwa wa mtu mwingine.

Mtu anayeishi na kitu kama hicho ataacha vipi kushuku? Mume wangu hunitania kwamba hata mwadhini akiadhini Magharibi, mimi natoka nje kuangalia kama jua kweli limezama. Yeye ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Congo na kurudi. Anajua nina presha. Hasomi humu.

Leo nimeshuku karibu kila mtu niliyekutana naye.

Nilianza na Nakato. Huyu ni dada wa Kampala anayefanya kazi na kikundi kidogo cha watu wenye ugonjwa wetu. Anazunguka huku magharibi kuuliza nani anahitaji nini: msaidizi wa nyumbani, magongo, nauli ya kwenda kwa daktari. Wiki iliyopita aliniuliza mimi maswali yake, pale pale sokoni, wateja wamesimama wanasikiliza, nami nikajibu kwamba sina shida. Wiki hii akaniomba nimsindikize Bwera, karibu na mpaka wa Congo, kwa sababu kule watu wanaongea Lhukonzo na Kiswahili cha Congo, na yeye vyote viwili vinampita.

Watu wa kuuliza maswali tunawajua. Mto ukifurika na kushusha mawe ya mlimani wanakuja, wanatupiga picha tukiwa tumesimama kwenye matope, wanasema poleni, wanaondoka. Kwa hiyo Nakato aliponiambia njiani kwamba kikundi chao kinaweza kulipia msaidizi kwa familia chache tu, na kwamba atachagua wale wenye shida kubwa zaidi, niligeukia dirisha. Hadi njia panda ya Kikorongo nilikuwa najiuliza hiyo shida anaipimia kwenye mizani gani.

Na niseme lingine ambalo halinipendezi. Nilitaka nafasi moja ibaki mjini Kasese. Sikutaja mtu, lakini mtu huyo nilikuwa namjua, na alikuwa amekaa ndani ya gari la Nakato, kwenye kiti changu.

Tulikuwa tunakwenda kwa Biira. Muuguzi mmoja wa Bwera ndiye aliyemtaja kwa Nakato: mwanamke wa Rukoki, ameolewa Bwera, ana watoto watatu, na ugonjwa ni ule ule wangu. Mume wake, Masereka, anafanya kazi ng'ambo ya mpaka na hurudi mwisho wa wiki. Biira anakaa na mama mkwe wake, ambaye watu wote wanamwita Mama Masereka.

Tulifika asubuhi, jua bado halijakasirika. Uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Ndani, Biira amevaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la heshima, amepaka mafuta, amekaa kwenye kiti utadhani anangoja posa. Akainuka kutusalimia. Akatushika mikono, akacheka, akarudi kukaa. Mama mkwe akajibana karibu naye, goti kwa goti, na hapo hapo pua yangu ikaanza kunusa kitu.

Nakato aliuliza, mimi nikatafsiri. Nani anapika hapa?

"Huyu," alisema Mama Masereka, akimwekea Biira mkono begani.

Nani anachota maji?

"Huyu."

Nani anafua, nani analima muhogo, nani anawaogesha watoto? Huyu, huyu, huyu. Biira anaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Kila swali tulilompa mgonjwa lilijibiwa na mkwe kabla mgonjwa hajafungua mdomo.

Kisha chakula kikaletwa: bundu la moto, yaani ugali wa muhogo, samaki wa ziwani, na sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa vizuri mno. Mama Masereka akatuambia kwa majivuno kwamba Biira ameamka alfajiri kuyapika yote hayo. Nikala, na nikawa nimeshatoa hukumu mbili. Ya kwanza, huyu mama anamtumikisha mke wa mwanawe kama punda na anakaa naye goti kwa goti ili asituambie. Ya pili ilinijia wakati wa kunawa mikono, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Huyu Biira haumwi.

Nilimnong'oneza Nakato kwa Kiingereza pale mlangoni. Nilimwambia mwanamke huyu ana nguvu kuliko mimi.

Nakato akaniangalia kidogo, akasema, "Na mimi naona hivyo, Hajati." Sijawahi kuiona Makka, lakini soko zima linaniita hivyo, naye ameshajifunza.

Ilipofika saa sita tukaaga. Huku kwetu mgeni haachwi mlangoni. Mwenyeji akibaki amekaa huku wewe unaondoka, maana yake umemchosha, au umekula kitu ambacho hakukupa kwa moyo. Nilimwambia Biira asijisumbue, jua ni kali na njia inapanda mpaka barabarani.

"Hapana, mama," alisema. "Mugeni tunamufikishaka ku barabara."

Akaja. Alinishika bega, tukapanda polepole tukiongelea vitenge, vipi vinapauka na vipi havipauki. Mkono wake ulikuwa mzito. Ulikuwa unanikandamiza hasa, nami nikajiambia, tazama anavyojipendekeza, anajua mimi ndiye mwenye kutafsiri. Mama Masereka hakutoka kabisa. Nilipogeuka nilimwona anakwenda nyuma ya nyumba, na hilo nalo nikaliweka kwenye makosa yake.

Tukaingia kwenye gari. Biira alibaki kando ya barabara, karibu na nguzo ya kibanda kilichofungwa, mkono mmoja juu. Nikampungia. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani Mpondwe, Nakato akasubiri, akajipenyeza, tukaondoka taratibu. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Mkono bado uko juu. Tukasogea, nikatazama tena. Bado.

Nani anaaga hivyo?

Nikamwambia Nakato asimamishe gari. Naapa sikusimama kwa wema. Nilidhani anampa mtu ishara. Nilidhani mume wake yuko mahali kwenye migomba, wanatuchezea, na sasa wanaambiana kwamba wageni wameondoka. Nilirudi kwa miguu, ule wa kushoto nikiuburuta, ili nimfumanie, Nakato nyuma yangu akiniuliza kuna nini.

Hakuwa anaaga. Ule mkono ulikuwa umeishika nguzo. Paji la uso alikuwa ameliegemeza kwenye mkono ule, macho amefumba, na miguu yake chini ya gomesi ilikuwa inatetemeka kwa namna ninayoijua, kwa sababu ndivyo inavyotetemeka yangu. Alikuwa anangoja tupotee ili aweze kukaa chini. Mkojo ulikuwa umemtoka, na gomesi ilikuwa imelowa mpaka pindo.

Alipotusikia akafungua macho na kutabasamu lile lile tabasamu.

"Endeni tu," alisema. "Minapunga hewa."

Nilimshika upande mmoja. Mimi mwenyewe nina ugonjwa huu, mimi mwenyewe najua asubuhi inavyodanganya, na nilikuwa nimemhukumu kwa saa zake nzuri kama wanavyonihukumu mimi sokoni.

Ndipo Mama Masereka akatokea kwenye njia, anasukuma toroli, lile la gurudumu moja la kubebea muhogo, ndani yake kuna godoro la mtoto. Alipotuona akasimama. Nilidhani atageuza. Badala yake akavuta pumzi, akaja hadi pale, akampitishia Biira mikono kwapani na kumlaza kwa mwendo mmoja, bila kuhema sana, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo jana na juzi. Akamfunika pindo la gomesi kwa leso yake mwenyewe. Kisha akaanza kuteremka, na mgongo wake ulikuwa umepinda kuliko nilivyouona ndani ya nyumba.

Tukawafuata. Alimwaga maji sakafuni, akamlaza Biira kwenye saruji ili joto limtoke, akamwekea kitambaa cha maji kichwani. Halafu akatugeukia. Chakula alipika yeye. Maji anachota yeye. Anafua yeye, analima yeye, watoto anawaogesha yeye, na Biira pia anamwogesha yeye. Zile "huyu" zote alizotuambia zilikuwa yeye.

Nilimuuliza kwa nini basi, maana sisi tulikuja na msaada. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini.

"Kifo iko mbali," alisema. "Ukoo iko karibu. Banasema bibi mwenye hawezi kulima, arudi kwabo Rukoki. Batoto babaki. Mwanangu ananyamaza tu. Sasa munakuya na gari, munamuandika mugonjwa, inchi yote inajua. Kesho batamurudisha."

Biira alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa upande, yanaingia sikioni, na hakuyafuta kwa sababu mkono haukumtii.

Nikamtafsiria Nakato. Aliinama, akafunika kalamu yake. Akasema hawezi kuandika uongo, na asipoandika kitu, msaidizi ataenda kwingine. Nikatafsiri na hilo. Nilikuwa nimeshikwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani: ukoo, Masereka anayenyamaza, au mimi mwenyewe na kinywa changu cha pale mlangoni.

Mama Masereka alifikiri kwa muda mfupi sana. Nadhani alikuwa ameshalifikiri zamani, alikuwa anangoja tu mtu wa kumwambia.

"Muandike mimi," alisema. "Ni mimi nabeba. Mutu mwenye kubeba mugonjwa, yeye hahitaji? Mugongo yangu imekwisha. Andika: huyu muzee anataka musaidizi. Bibi ya mwanangu banaweza kumurudisha kwabo. Mimi batanirudisha wapi? Kwetu bote balishakufaka."

Nilipomaliza kutafsiri, Nakato alicheka, na machoni alikuwa analia. Akasema anayemhudumia mgonjwa huwa wanamhesabu pia, na kwamba kwa mzee huyu hatalazimika kuandika uongo hata neno moja. Hakuahidi. Alisema atapigania.

Tulipokuwa tunaondoka mara ya pili hakuna aliyetusindikiza. Biira, macho bado amefumba, alisema kutoka sakafuni, "Siku ingine mukuye na boda. Gari iko na kelele."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najitetea kichwani. Kushuku si dhambi. Kushuku kumenisaidia mara nyingi; bila kushuku ningekuwa bado nakunywa dawa za malaria. Lakini leo nilimshuku mwanamke aliyesimama kwa heshima yangu mpaka akajikojolea, na nikamshuku mama mkwe pekee ninayemjua anayemsukuma mke wa mwanawe kwenye toroli ili asiondoke nyumbani kwake. Ninaona aibu.

Nakato amenipigia sasa hivi, amefika anakolala. Akaniambia asante. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, "Na wewe, Hajati, siku ukianguka nani anakuinua?"

Nikamwambia mimi sianguki.

Nilimjibu haraka, hata kabla hajamaliza vizuri. Na tangu nimekata simu nimekaa hapa, siwezi kuinuka, nangoja jua liishe ndipo mguu urudi.

Mume wangu anafika kesho kutoka Congo. Ni mtu mpole. Hajawahi kuninyooshea kidole, hajawahi kunisema kwa ndugu zake. Miaka yote hii nimemwambia ni presha, kwa sababu presha haimrudishi mtu kwao.

Kesho nitamwambia jina la ugonjwa wangu. Akinyamaza kama Masereka, nitajua sikukosea kumshuku. Na kama hatanyamaza, basi yeye ndiye mtu niliyemshuku bure muda mrefu kuliko wote.