Breki za Gari la Mama

Jumatatu, 8 Septemba

Nisamehe, daftari. Tangu Zuhura aanze kuota meno sijakugusa. Mkono mmoja mtoto, mkono wa pili usukani. Wa kalamu sina.

Asubuhi uji, nepi, mtoto kwa jirani. Abiria wa Chilangala, safari ya Masasi. Mteremkoni nikakanyaga breki, usukani ukatetemeka kama napepeta mpunga kwenye ungo. Si mara ya kwanza, ila leo umezidi. Bibi mmoja akasema kutoka nyuma, "Mama Zuhura, gari lako lina homa?" Wakacheka. Nikacheka. Niliogopa sana.

Jumanne, 9 Septemba

Habari imefika kwa Mjomba Saidi kabla yangu. Gari aliniachia mama, lakini kwetu mali ya mama ina macho ya mjomba. Ufunguo wa akiba anao yeye tangu msiba. Anataka gari aendeshe Rashidi, mtoto wa mama mkubwa.

Nimempa shikamoo, kaitika marahaba bila kunitazama. "Gari limekukataa. Jumapili napanda mwenyewe mpaka chini. Likitetemeka, Rashidi anachukua."

Mdomoni nimesema sawa. Moyoni nimesema thubutu. Gari hili ndilo linamlisha Zuhura. Baba yake yuko Mtwara, anabangaiza vibarua. Leo kipo, kesho hakipo.

Jumatano, 10 Septemba

Fundi Issa kabadilisha pedi za breki. Kasema tayari. Nimeshuka mteremko: ungo uleule. Narudi, anasema basi ni tairi. Kesho atasema ni jini.

Nimetafuta mwenyewe. Barabara tambarare, nyuma hakuna mtu. Nikienda kasi bila kugusa breki, shwari. Basi si tairi. Nikivuta handibreki polepole, ile inayoshika magurudumu ya nyuma, shwari. Nikikanyaga breki ya mguu, mikono inacheza. Ubaya uko mbele.

Nimeishia kidato cha nne. Hili halitaki cheti.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimelijua.

Huku juu maji ni shida. Kwa hiyo sote magari tunayaoshea chini ya mteremko, kwenye chemchemi. Leo dereva mmoja kafika, hata hajapumua, kamwaga ndoo kwenye gurudumu. Chwaa! Mvuke mtupu. Nikasimama na ndoo yangu mkononi.

Mteremko mzima mguu uko kwenye breki. Chuma kinakuwa cha moto kama kikaango. Halafu maji ya baridi. Kisipinde kwa nini? Na mimi hufanya hivyohivyo kila safari.

Nimerudi nyumbani bila kuosha, na vumbi langu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemkuta Fundi ametoka kuswali. Nikamwambia afungue magurudumu ya mbele, atoe diski.

"Mama Zuhura, siku hizi unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, kaka. Nakuomba ufungue. Sitoki hapa."

Nikamshusha Zuhura mgongoni, nikakaa juu ya tairi lake bovu. Akafungua. Diski ni ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Ina mabaka ya bluu, ya kuungua. Akafunga kipande cha waya karibu yake, akaizungusha taratibu. Mara inagusa waya, mara inaachia. Imepinda. Ya pili vilevile.

Akazing'oa zote mbili, akaniwekea miguuni. Nikasema, "Haya."

Jumamosi, 13 Septemba

Bodaboda mpaka Masasi, diski kwenye kiroba, mtoto mgongoni. Mchonga vyuma amezisawazisha. Ila kasema zimefika mwisho wa unene, hachongi tena. Nitafute mpya.

Jioni Fundi kasugua kutu kwa msasa, kafunga. Nati akawa anakaza kwa kuzunguka. Nikamwambia azikaze za kukabiliana, moja huku, moja kule, diski ikae sawa.

"Jeuri hii umeitoa wapi?"

Kwa mama. Nimechoka mpaka meno yanauma.

Jumapili, 14 Septemba

Mjomba mbele, kofia safi, fimbo katikati ya magoti. Rashidi nyuma, kapakatishwa Zuhura. Hakupenda.

Kona ya kwanza nikakanyaga. Usukani kimya. Kona zote kimya. Mjomba hakuiachia fimbo mpaka chini.

Chemchemini Rashidi kashuka na ndoo. Nikasimama mbele ya gurudumu.

"Bado. Lipoe kwanza."

"Huyu anaogopa maji!"

"Nimwagie mimi, Rashidi. Gurudumu hapana."

Mjomba akauliza, "Yaani unanikalisha juani, mimi?"

"Kivuli kipo pale, mjomba."

Nikakaa chini, nikamnyonyesha Zuhura. Sikuinua macho. Nikamshika mtoto vizuri zaidi. Rashidi alipiga miluzi, akachoka, akaikalia ndoo.

Tulikaa sana. Mwisho Mjomba akainuka mwenyewe, akainama, akaweka kiganja kwenye gurudumu. Akakiacha hapo.

"Limepoa," akamwambia Rashidi. "Osha."

Jumatatu, 15 Septemba

Mjomba kapita alfajiri. Kaleta ufunguo wa akiba, umefungwa uzi. Cheni ya mama, iliyokuwa imeushika, kabaki nayo. Kasema Alhamisi nimpeleke Chiungutwa, kuna arusi.

Zuhura amelala, jino limetoka. Nikimaliza kufua nitampigia baba yake anitumie kwa basi:

Diski mbili za mbele, mpya, zisizowahi kuchongwa.
Mafuta ya breki, chupa moja.
Msasa wa chuma.
Spana ya nati, ya kwangu mwenyewe.
Dawa ya fizi ya mtoto.
Cheni ya ufunguo. Imara.