Salamu Niliyompa Mama wa Watu Sokoni

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti limekupa nafuu kidogo. Mvua imenyesha huko Usa River, au bado mnautazama mlima tu? Mimi mwili ni mzima, ila moyo, mama, hapana. Simu yangu wameichukua polisi, ndiyo maana unaona karatasi. Wakili wangu ndiye atakayeituma.

Upweke wa huku usiombe. Unajua nilikuja huku mashariki mwa Uturuki kuandika habari za Wakurdi, na mwandishi wa kujitegemea hana ofisi wala bosi wa kumpigania. Nikipika naongea Kimeru na sufuria. Cheka tu, lakini ndiyo hali yenyewe.

Kuna mama mmoja wa hapa, umri wako kabisa. Anawafundisha watoto wa majirani Kikurdi sebuleni kwake, kama wewe ulivyotufundisha Kimeru jikoni. Alinilisha, akanilaza, akanifunga skafu shingoni kwa ajili ya baridi. Nikaandika habari zake bila kumtaja jina, maana masomo yale yangemtia matatani. Polisi wakaniita: ni nani huyo? Nikakataa kusema. Tangu hapo mimi na yeye tukakubaliana, tukikutana njiani hatujuani.

Basi juzi nikakutana naye sokoni, penye mikate. Yeye alikuwa ananipita vizuri kabisa, kama hanijui. Mimi je? Shingo ikainama yenyewe mbele yake, nikasimama nasubiri anishike kichwa, kama tunavyosalimia wazee kwetu! Jamani mama, mlivyonilea! Angeniachaje nimeinama vile mbele za watu? Akaniwekea mkono kichwani. Askari kanzu alikuwa nyuma yangu.

Wakamchukua. Nimelia mpaka macho yamevimba. Wakili anasema njia ipo: kesho kituoni niseme yule ni bibi tu niliyemsalimia kwa heshima, simjui, nao watanipandisha ndege nirudi nyumbani.

Nikamuuliza, "Na yeye amesemaje?"

Akanijibu, "Amesema wewe ni mgeni wake, umekula kwake."

Alijua wanaweza kumfunga kwa maneno hayo, na bado hakunikana.

Naogopa, mama. Naogopa sana. Lakini kesho nitasema namjua, ni mwenyeji wangu. Wakili ameshaniambia nikisema hivyo sitarudi kulala chumbani kwangu.

Nisalimie baba mdogo wa kule Sakina, shemeji na wanawe, na shangazi wa Oldonyo Sambu, mwambie mtindi wake nauota. Mchungaji mwambie aniombee, ila asitangaze kanisani.

Na Krismasi, mama, msinisubiri. Chinjeni tu.

Mwanao akupendaye,
Elinami