Mkanda wa Mkoba Wangu

Mjukuu wangu Nasra,

Shikamoo yako imenifika, marahaba, bibi. Babu yako hajambo, magoti yametulia. Shangazi yako Zuhura kajifungua salama, mtoto wa kike.

Umeniuliza kama fundi wa huko Mwanza aubadilishe mkanda wa ule mkoba niliokupa, maana rangi yake hailingani. Ngoja kwanza.

Niliununua mnadani Kariakoo, enzi za Mwingereza, nilipoolewa na babu yako, nikijiandaa kuhamia Tanga, miaka mingi kabla hatujarudi huku Magomeni. Ulikuwa umeshatumika, ngozi imekauka, mkanda hauna. Niliusugua kwa mafuta ya nazi mpaka ukang'aa, kisha mimi na mama tukaupeleka kwa fundi makubadhi. Akasema ngozi imemwishia, na meli yangu ilikuwa inaondoka kesho yake.

Mama akavua makubadhi yake mwenyewe, akampa. "Kata mikanda yake, uiunganishe."

"Mama, utarudije nyumbani?"

"Mimi kwangu ni hapa hapa, nitafika hata pekupeku. Wewe ndiyo unakwenda mbali."

Akarudi peku, ananichekesha njia nzima. Mpaka leo namshukuru.

Basi fundi wako azibe matundu, apake rangi, sawa. Mkanda auache. Nawe uko mbali.

Bibi yako,
Magomeni