Kizibo cha Boti ya Håvard

Sindre, siamini! Boti mpya ya makomando kapewa Håvard aiendeshe. Håvard, aliyekuwa akinivutia trela la boti hadi majini! Eti leo mimi ndiye nimvutie yeye.

Tumefika majini nikaona kizibo cha tundu la chini ya boti hakijafungwa. Nikanyamaza. Aaibike, nikasema moyoni.

Boti ikaanza kunywa maji, kikosi kizima kinatazama!

Mkuu akafoka: "Nani kavuta trela? Si ndiye anayefunga kizibo?"

Sindre. Nilisahau kabisa! Miaka yote niko kwenye usukani, nafungiwa kizibo na Håvard.

Kabla sijafungua mdomo, Håvard, kalowa mpaka magotini: "Kosa langu, Mkuu."

Kosa lake! Halafu akanimegea mkate wake wa jibini.

Boti kachukua. Na utu pia achukue yeye?

Mkate nimeula. Mtamu, mshenzi yule.